Gauni la Kuogelea

Majuzi mmoja wenu aliniuliza, hapa hapa barazani, kwa nini huwa sikati sare ya mtoto kabla sijamwona mtoto mwenyewe. Alisema mafundi wa siku hizi wanauliza tu yuko darasa la ngapi, wanakata, wanamaliza. Nikamjibu kwamba darasa halivai nguo. Mkacheka, nami nikacheka. Lakini jibu lenyewe ni refu, na lina hasira ndani yake ambayo miaka yote hii haijapoa. Basi simamisheni vyerehani kidogo niwasimulie.

Kwanza mjue nilivyofika kwenye kazi hii, maana ninyi mmekuta wanawake wamejaa barazani mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Aliyenifundisha ni Mzee Salumu, mtu wa Ujiji aliyehamia hapa Kasulu akapewa nafasi kwenye baraza la duka la nguo. Mafundi wenzake wote walikuwa wanaume. Nilipoanza kukaa kwenye cherehani walinuna. Walisema mwanamke akikanyaga pedali mapaja yanacheza, na wateja watatazama nini? Kwa hiyo nikawekewa sharti: nijifunge vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kutoka kiunoni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Wao wenyewe jua likiwaka walishona wakiwa na singleti, na bukta wamezikunja mpaka juu. Wateja wa kike walikuja wakapimwa wakaondoka, na hakuna aliyeuliza wao watatazama nini.

Siku moja upindo wa kitenge ukanaswa na mkanda wa gurudumu. Nyie mnajua gurudumu likishaanza kuvuta halisikii. Lilinivuta na kiti changu, mkono ukaenda chini ya sindano, na kidole hiki mnachokiona kucha yake imeota upande ndicho kilichoshonwa siku ile. Mzee Salumu akaja na mkasi akakata kitenge. Akanifunga kidole kwa kipande kilekile. Kisha akasema mbele ya wale wote, kwa sauti yake ya taratibu, "Binti, kesho jishonee suruali pana, uivae ndani ya gauni. Anayetaka kutazama, atazame mshono."

Nilimpenda mzee yule, ingawa alinichapa kwa maneno nilipokosea. Suruali yangu ya kwanza ya mteja ilikuwa ya karani mmoja mnene, na nikamwekea zipu nyuma. Mzee Salumu aliigeuza, akaigeuza tena, akasema, "Hii ni suruali ya mtu anayeondoka." Mpaka leo nikikata suruali naweka alama ya chaki mbele, alama kubwa, kama mtu asiyejua kusoma. Nanyi fanyeni hivyo. Aibu ya chaki inafutika kwa brashi.

Nilipokuja kukaa kwenye cherehani changu mwenyewe ilikuwa miaka ya sabini, na nguo za wasichana zimekuwa mali ya kila mwenye macho. Vijana walijipa kazi ya kusimama sokoni na kupima sketi za watu kwa vidole. Msichana wa chuo cha ualimu alikimbizwa siku moja kwa sababu goti lake limeonekana, akaja kujificha chini ya meza yangu ya kukatia, nikashusha jora la kitambaa likamfunika. Na mimi juu ya meza hiyohiyo nilikuwa nakata kaptula za wavulana wa shule, na maelekezo niliyopewa yalikuwa kwamba ziishie katikati ya paja, ili kitambaa kisipotee bure. Goti la mvulana lilikuwa goti tu. Goti la msichana lilikuwa kesi.

Lakini hayo yalikuwa ya mjini, na wasichana wale walikuwa wakubwa, wakijua kukimbia. Ninayotaka kuwaambia ni ya watoto wadogo.

Wakati ule watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye vilima vyao wakakusanywa vijijini. Kulikuwa na kijiji kipya kimoja upande wa kwenda Kibondo, nyumba zimepangwa vizuri mistari miwili, ila aliyekipanga hakufikiria mto. Nyumba zilikuwa upande huu wa mto Nyakarambi, shule ilibaki ng'ambo. Katikati watu walilaza gogo la mti, ndilo daraja. Kiangazi mtoto angeweza hata kuvuka kwa miguu, maji yakimfika magotini. Masika mto ulikuwa mtu mwingine kabisa.

Masika moja mtoto wa kike wa darasa la pili aliteleza kwenye gogo. Walimkuta mbali chini, kwenye matete. Aliyembeba kumrudisha kwao alikuwa Mzee Gervasi, mwenyekiti wa kamati ya shule. Nataka mlijue hilo tangu sasa, maana nitamsema sana. Hakuwa mtu asiye na huruma. Alimbeba mtoto yule mikononi njia nzima, akakataa kupokewa.

Shuleni pale kulikuwa na mwalimu kijana, Mwalimu Hamisi, naye mtu wa ziwani kama Mzee Salumu. Kwao mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo. Baada ya msiba ule Mwalimu Hamisi alisema hatasubiri daraja, maana daraja limeahidiwa tangu kijiji hakijajengwa. Mvua zilipokatika alitafuta mahali mbele kidogo ya gogo, mto unakoelekea, ambapo maji yana kina ila yametulia na chini ni mchanga, akaanza kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kuogelea. Wavulana na wasichana pamoja. Wote waliingia na chupi, wengine hata chupi hawakuwa nazo. Walikuwa wadogo, meno ya mbele yameng'oka, matumbo mbele. Watoto.

Mtu mmoja akapita na baiskeli, akaona, akaenda kusema.

Ndipo Mzee Gervasi alipokuja kwangu Kasulu. Alishuka kwenye lori na jora la marekani begani, lile zito la rangi ya maziwa, lenye harufu ya ghala. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi.

"Fundi, nina kazi ya shule," akasema. "Magauni ya watoto wa kike ya kuingilia majini."

"Ya namna gani, Mzee?"

Akanieleza vizuri, ametulia, kama mtu aliyeifikiria njiani. Shingo ifungwe. Mikono ifike kwenye viwiko. Urefu ufike kwenye vifundo vya miguu. Kitambaa kikunjwe mara mbili kifuani na kiunoni, ili kikilowa kisigande mwilini. Nyuma kuwe na kamba za kufunga, zikaze.

"Na wavulana?" nikauliza.

"Wavulana wana nini?"

"Wao watavaa nini majini?"

"Ah. Wavulana ni watoto tu."

"Na wasichana?"

Alinitazama kama vile cherehani ndicho kilichouliza. "Wasichana ni wasichana, fundi."

Nikamwambia jambo ambalo kila mmoja wenu anapaswa kulijua. Marekani inakunywa maji. Ndiyo maana tunailoweka na kuianika kabla ya kukata, maana isipolowekwa itarudi ndani, ifupike, mteja akiifua mara ya kwanza, na kosa litakuwa lako. Ukiitoa kwenye beseni hiyo robo jora tu, mikono yako miwili inalalamika. Sasa ikunje mara mbili, imvishe mtoto wa darasa la kwanza, mtie mtoni. Nikamwambia, "Mzee, gauni hili likilowa litakuwa zito kuliko mtoto mwenyewe."

"Wewe shona. Kulea tutalea sisi."

Niliichukua kazi ile kwa sharti moja, kwamba niende nikawapime watoto mwenyewe na niyaone magauni majini kabla hayajaanza kutumika. Nilijua nikikataa ataenda kwa mafundi wa baraza la pili, na huko hawatauliza hata watoto wana urefu gani.

Nikaenda kijijini, nikafikia kwa mwanamke mmoja aitwaye Yustina. Alikuwa amevuka kutoka Burundi na watoto wake wakati wa vurugu za kule kwao, mumewe hakuvuka, na kijiji kilimpa kiwanja cha mwisho karibu na mto. Watoto wake walikuwa pacha, wa kiume na wa kike. Kwao pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, awe nani awaye. Bukuru ndiye mvulana, Butoyi ndiye msichana. Watu walimwita Mama Bukuru.

"Mwakeye, fundi," alinisalimu kwa lugha ya kwao. "Pima hapa uani, watoto wengine watakuja."

Nikaanza na wa nyumbani. Sikutakiwa kumpima Bukuru, ila alikuwa amesimama pale akingoja zamu yake, nikaona si vizuri kumruka. Nikamzungushia futi kifuani. Kisha dada yake. Nikarudia, maana nilidhani nimekosea. Kifua kimoja. Bega moja. Kiuno kimoja. Hata ule mfupa wa bega la kushoto unaochomoza, wote walikuwa nao. Kama ningefumba macho mkaniletea mmoja, nisingejua nimepewa yupi.

"Mama fundi," Butoyi akaniuliza, "langu litakuwa na mfuko?"

"Mfuko wa nini majini?" kaka yake akamwuliza.

"Wa kuwekea samaki."

Nilimwekea mfuko. Mdogo, upande wa kulia.

Niliposhona, niliacha mpasuo mrefu pembeni mwa kila gauni, kushoto na kulia, ili miguu ipate kupiga maji. Mzee Gervasi alipoyakagua pale kijijini aliiona mipasuo hiyo. Hakukasirika. Alinipa tu gauni lililokuwa juu ya rundo, akasema, "Hapa umesahau." Nikasimama palepale nikaifunga yote kwa mkono, sindano na uzi, yeye akiwa ameketi kwenye kigoda akinisubiri. Nilimweleza tena habari ya uzito. Alisema watoto watazoea.

Siku ya kuyajaribu, Jumamosi, tulikwenda mtoni. Amri mpya ilikuwa na kipande cha pili ambacho sikuwa nimeambiwa: wasichana wakiwa majini Mwalimu Hamisi asimame ukingoni, awaelekeze kwa sauti. Wavulana waliingia kwanza, na chupi zao, wakapiga kelele, wakatoka wanang'aa kama samaki. Kisha wasichana wakapangwa na magauni yao meupe yamefungwa kamba nyuma. Mama mmoja akasema wanapendeza kama watoto wa komunyo. Ni kweli walipendeza. Nguo ikiwa kavu unaweza kuidhania chochote.

Butoyi aliingia wa kwanza, maana hakuwa mtoto wa kusukumwa. Gauni likajaa upepo likapanda juu ya maji likamzunguka kama mwavuli, akacheka. Akapiga hatua mbili tatu. Upepo ukatoka. Nikaliona gauni likibadilika rangi kutoka chini kwenda juu, jeupe likawa la kijivu, na lilipofika kifuani mtoto hakuwa akicheka tena. Alijaribu kupiga miguu, kitambaa kikamfunga miguu. Alijaribu kuinua mikono, mikono ya gauni ikawa imejaa maji. Hakupiga kelele. Mtoto anayezama hapigi kelele, hilo nalo mlijue. Alishuka kimya, kama mtu anayeketi.

Mwalimu Hamisi alijitupa na nguo zake. Hakungoja ruhusa ya mtu. Alimpata, akamshika kichwa juu ya maji, lakini gauni lilikuwa linawavuta wote wawili, na kila alipotaka kusimama lilimzunguka yeye naye miguuni. Mimi na Yustina tukaingia mpaka kifuani. Nilikuwa nimeuchomoa mkasi wangu kikapuni kabla ya kuingia, maana huwa siendi popote bila huo. Nilitafuta zile kamba mgongoni, zilikuwa zimevimba, hazifunguki. Nikaingiza mkasi kwenye ukosi, nikakata kutoka shingoni mpaka chini, kazi yangu mwenyewe, kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Marekani iliyolowa haikatiki vizuri. Inatafuna mkasi. Sijawahi kuchukia kitambaa kama siku ile.

Tulimtoa nje, Mwalimu akamlaza kifudifudi, akamkamua maji. Bukuru alikuwa amekaa upande wa kichwa cha dada yake anamwita jina lake polepole, "Toyi, Toyi," kama anavyomwamsha asubuhi. Mtoto akakohoa. Maji yakatoka, akakohoa tena, akafungua macho. Yustina akaketi chini palepale kwenye matope.

Na hapo Mzee Gervasi, aliyekuwa amesimama kwenye nyasi wakati wote huo, akasema neno la kwanza.

"Mfunikeni."

Mtoto hajamaliza kutapika maji. Hajajua kama yuko hai. Yuko kwenye nyasi uchi jinsi kaka yake alivyokuwa karibu uchi muda mfupi uliopita, mahali palepale, na hakuna aliyesema neno. Na huyu mzee aliyembeba mtoto wa mwenziwe kutoka kwenye matete, kitu cha kwanza alichokiona kwa huyu ni kwamba hajavaa.

Yustina alivua kitenge chake cha mabega akamfunika mwanawe, kwa sababu alikuwa anatetemeka kwa baridi. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi. Nashukuru Mungu niliutumia kwenye gauni tu.

Siku ya pili kamati ikaitisha mkutano shuleni. Nilidhani wataomba radhi. Nilikuwa bado mgeni wa dunia. Walikaa, wakasali, na Mzee Gervasi akasimama akasema kamati imeona kwamba kuogelea ni hatari kwa watoto wa kike, kwa hiyo kuanzia leo wavulana wataendelea na wasichana wataacha.

Nikanyoosha mkono. Walisita, mimi si mwanakijiji, lakini wakaniruhusu.

"Wazee wangu," nikasema, "hao wasichana si watavuka mto huo huo kwenda shule?"

"Watavuka."

"Kwenye gogo hilo hilo?"

"Watavuka kwa uangalifu," akasema mzee mwingine.

"Na mto ukiwachukua, utajua kwamba wao hawakuruhusiwa kuogelea?"

Kukawa na minong'ono. Mzee Gervasi akaniambia kwa upole kwamba mimi ni mfanyabiashara, nimekuja kuuza mishono yangu, nisiingilie malezi. Nikamwambia nimewapima Bukuru na Butoyi kwa futi moja na sikuona tofauti, na kwamba tofauti anayoiona yeye haiko kwenye mwili wa mtoto, iko kwenye jicho la mtu mzima, na kama jicho ndilo bovu lifungwe jicho. Hapo nikaambiwa niketi. Niliketi. Nikaikalia mikono yangu.

Ndipo Yustina akasimama. Ninyi hamjui ilikuwa na maana gani mwanamke kama yule kusimama. Mkimbizi alikuwa hasemi mkutanoni. Alilima, alishukuru, alinyamaza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akakichanganya na cha kwao.

"Mimi nina watoto wawili," akasema. "Walikaa tumbo moja. Nilivuka nao mpaka, mmoja mgongoni, mmoja mbele. Sikuchagua. Nyinyi mnataka nichague."

"Mama Bukuru," mzee mmoja akamkatiza, "kumbuka umepokelewa hapa."

"Ego, nimepokelewa. Nashukuru. Lakini kama Butoyi hatafundishwa maji, havuki. Na Bukuru havuki bila Butoyi. Wote wawili watakaa kwangu."

Akaketi. Kisha mama wa yule mtoto aliyekutwa kwenye matete akasimama kutoka nyuma. Hakusema kitu kirefu. Alisema, "Na wangu waliobaki pia," akatoka nje. Wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja, wengine waume zao wakiwavuta vitenge wakae.

Jumatatu shule ilikuwa na wavulana wachache tu waliokaa ng'ambo, karibu na shule. Siku zilizofuata vilevile. Wakati ule mtoto kutokuwa shuleni lilikuwa jambo kubwa, viongozi wa juu waliuliza, na aliyeulizwa alikuwa mwenyekiti wa kamati. Alijaribu kwenda nyumba kwa nyumba. Wanawake walimkaribisha, wakampa kiti, wakampa maji ya kunywa, wakamwambia watoto wanaumwa.

Mwishowe kamati ikasema wasichana watafundishwa, ila saa yao wenyewe, mama zao wakiwepo, na wavae "kitu cha heshima chepesi". Hakuna aliyesema tulikosea. Neno hilo sijalisikia mpaka leo. Niliyachukua magauni yale yote, nikayafumua, na kwenye kila gauni moja nikapata kaptula mbili zenye lastiki kiunoni, kitambaa kimoja kisichokunjwa, zinaishia juu ya goti. Moja ya msichana, moja ya mvulana. Wanawake ndio waliotaka wavulana wavae pia, zilezile. Wavulana walifurahi sana, hawakuwa wamewahi kushonewa kitu cha kuchezea.

Sare za shule ile hazikuja kwangu tena, zilikwenda baraza la pili. Na Mwalimu Hamisi alihamishwa kabla ya masika, akapelekwa mbali. Waliosema sababu walisema kuna upungufu wa walimu huko. Lakini alikuwa ameshawafundisha wasichana wakubwa wawili vizuri, nao wakaendelea na wadogo. Kazi haikusimama.

Butoyi lakini hakuingia. Alivaa kaptula yake, akaja na wenzake kila Jumamosi, akaketi kwenye mchanga mbali na maji. Bukuru alimwita, alimrushia maji, alimwahidi samaki. Hakuingia. Nilikuwa napita huko nikipeleka nguo za wateja, nikamwona ameketi vile, magoti kidevuni, na hasira yangu ikawa mpya. Walioandika amri ile walilala usingizi. Mtoto ndiye aliyebaki na hofu.

Siku moja akamwambia mama yake, "Ingia wewe kwanza."

Yustina hakuwa anajua kuogelea. Katika wanawake wote wa kijiji kile hakuna aliyejua. Alikuja mpaka hapa Kasulu, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nishonee kama ya Butoyi," akasema.

"Watasema, Mama Bukuru."

"Wameshasema. Wewe nipime."

Nikampima. Nikamshonea kaptula na blauzi ya popilini nyembamba isiyonywa maji sana, nikaipeleka mwenyewe. Nilipofika kulikuwa na wanawake wengine wawili waliotaka kupimwa, na yule mama aliyefiwa alikuwa mmojawapo.

Jumamosi ile nilikuwepo. Yustina aliingia majini na kaptula yake, mwanamke mzima, kitenge amekiacha kwenye jiwe. Alitembea mpaka maji yakamfika shingoni, akageuka akanyoosha mikono. Butoyi alisimama ukingoni muda mrefu. Kisha akaingia, analia, lakini anaingia, mpaka akamshika mama yake mabega. Wale wanawake wengine wakafuata, wanashikana mikono, wanacheka kwa woga.

Wakati huo Mzee Gervasi akatokea na wenzake wawili, majembe begani, wanatoka shambani. Njia ya shambani hupita ukingoni pale. Wakasimama. Mzee akageuza uso upande.

"Mama Bukuru," akasema, "hii ni njia ya watu."

"Ndiyo, Baba," Yustina akajibu kutoka majini. "Na ile ya juu ni njia ya watu pia. Piteni huko."

"Ya juu ni ndefu."

"Tunaijua. Tumeipita siku zote mlipokuwa mnaoga hapa nyie."

Mzee Gervasi alikitazama kilima cha ile njia ya juu na jua lilivyokuwa kali. Kisha akahamisha jembe begani, akaanza kupanda, na wenzake wakamfuata.